Kiti Kisichokaliwa

Mushagalusa alikuwa amekwisha kuufunga mlango wa karavani mkewe aliposhuka ngazi za fleti, amekumbatia kile kiti.

"Hapana, Mama Ange," akasema. "Hapana kabisa. Méthode ametupatia viti tatu ya kukunja. Sisi tuko watatu."

"Minajua."

"Sasa hicho ni cha nani?"

Lile halikuwa swali, maana jibu lake walikuwa wanalijua wote wawili kwa miaka ishirini na mitatu. Honorine alimpita mumewe, akaufungua tena mlango wa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Méthode wa Seven Hills, mwenzao wa kanisani, aliinunua mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona na Australia nzima ikashikwa na wazimu wa kwenda kulala porini. Akakilaza kiti juu ya godoro, akakifunika na blanketi.

Kilikuwa kiti cheupe cha plastiki, kama vile vinavyopangwa kwenye kumbi za harusi. Pale nyumbani kwao Lidcombe, Sydney, kilikaa karibu na mlango, kimeelekea nje, na hakuna aliyekikalia. Mgeni akikisogelea, Honorine alimwahi: "Hicho kimevunjika, kaa hapa." Hakikuwa kimevunjika. Binti yao Ange alikua akidhani ni mila ya Kishi, ya kabila lao. Alipokuwa shule aliandika insha kuhusu mila hiyo, akapata alama nzuri sana.

Siku nne kabla, Lazare alikuwa amepiga simu kutoka Bukavu. Lazare ni mdogo wake Honorine, fundi cherehani, na korona ilimpitia ikamwachia kifua kinachokoroma hata akinyamaza.

"Yaya," alisema, maana ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa, "minakuuliza kitu moja tu, na usinifiche juu mi ni mugonjwa. Mama, nimungojee ao nimulilie?"

"Lazare, juu ya nini unaanza tena?"

"Juu siku hizi kila mutu analia maiti yenye hajaona. Kwa simu, kwa video. Sisi peke yetu ndio tunangoja. Lakini wewe ndiye mukubwa, na wewe ndiye ulikuwa naye. Nipe neno."

Honorine alisema laini inakatika. Haikuwa inakatika.

Kwao mtu aliyepotea hawekewi matanga, anangojewa. Na Honorine ndiye aliyemwambia mdogo wake kwamba mama alipotea katika msongamano wa wakimbizi, kwenye barabara ya Kamituga, mwaka wa tisini na nane. Kwa neno hilo moja Lazare alipanga foleni za Msalaba Mwekundu, akatangaza makanisani, akamwachia mama sahani kwenye arusi za watoto wake wote.

Ukweli ni kwamba mama hakupotea. Aliachwa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, bunduki zilikuwa nyuma ya kilima, na Honorine alikuwa na Ange wa miezi kumi na minne mgongoni. Mushagalusa alimbeba mama mkwe siku mbili. Siku ya tatu magoti yake yakakataa. Mbele ya shule iliyokimbiwa, mama alisema, "Muniache nipumuzike hapa kidogo." Mushagalusa akaingia darasani akatoa kiti cha mwalimu, akakiweka kando ya barabara, ili mkwewe asikae kwenye matope na ili atakayepita aone kwamba huyu ni mama wa watu. "Tuende," akamwambia mkewe. "Mbele tutapata batu, bakuye bamuchukue." Honorine akaenda. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mbele hakukuwa na watu.

Tangu simu ya Lazare, Honorine hakulala. Ange, ambaye ni muuguzi na huamini kwamba kila ugonjwa una dawa yake, aliona mama amechoka tu na kazi. Akaomba karavani kwa Méthode, akachukua siku zake za mapumziko. "Mum, you need a break," alisema. Ndiyo safari ikawa.

*

Walisafiri siku mbili, wakavuka milima, wakapita mashamba ya ngano, mpaka udongo ukawa mwekundu na redio ikaanza kukoroma. Ange alikuwa amesoma kwamba kando ya barabara za bara kuna viwanja vya kupumzikia wasafiri. Unaegesha, unalala, hulipi.

"Bure?" Mushagalusa aliuliza kwa mara ya tatu. Alikuwa amepakia makasha kwenye ghala la Wetherill Park kwa miaka sita, na cha bure alichowahi kupewa nchi hii kilikuwa kalenda.

"Free, Dad."

"Hata choo?"

"Even the toilet."

Walifika Ijumaa alasiri. Palikuwa na kibao chenye picha ya meza na mti, choo cha bati, tangi la maji yasiyonyweka na miti mikavu michache. Karavani tano au sita zilikuwa zimetangulia. Simu zao zote tatu hazikuwa na mtandao hata chembe.

Honorine alishuka, akaitazama barabara. Ilikuwa imenyooka mno. Kwao barabara zina kona. Ukishapita kona, uliyemwacha hakuoni tena. Hapa mtu angeweza kukaa akakutazama unaondoka robo saa nzima.

"Egesha mbele ikiangalia barabara," alimwambia Ange.

"Why, Mum? The view's that way."

"Egesha mbele ikiangalia barabara."

Mzee mmoja mwenye ndevu alikuja na mbwa wake kabla hawajazima injini. Alizungumza polepole na kwa sauti kubwa, jinsi kiziwi anavyosemeshwa. Akawaeleza kwamba hapa ni saa ishirini na nne tu, wajue, si mahali pa kuhamia. Akauliza hiyo karavani ni yao. Mushagalusa akasema ni ya rafiki. Mzee akasema hakuna shida, anauliza tu, huku akiinama kidogo kusoma namba ya gari. Kamba yake mwenyewe ya nguo ilikuwa imefungwa toka mti hadi mti, kwa fundo la mtu asiyeondoka leo wala kesho. Mushagalusa alimwambia asante mara tatu. Ange aliona aibu kwa ile asante ya tatu.

Honorine alipika mapema, jua likiwa bado liko juu, na chakula kilipoiva akauzima moto. Hakuvua viatu. Mumewe aliyaona hayo, na yeye mwenyewe alikuwa ameziweka hati zao zote za kusafiria kwenye mfuko wa ndani wa koti.

*

Wasafiri wa karavani wana desturi yao. Ikifika saa kumi na moja jioni, kila mtu anatoka na kiti chake na kinywaji chake, wanakaa duara, wanaulizana wametoka wapi na barabara ya mbele ikoje. Ange alikuwa amesoma habari hizo pia, akafurahi. Akapanga viti vitatu vya Méthode nje. Alipogeuka akamkuta mama yake ameshatoa cha nne, kile cheupe, amekiweka pembeni kidogo, kimeelekea barabarani.

Kitu ambacho Honorine hakukijua ni kwamba katika desturi ile, kiti kitupu mbele ya karavani ni mwaliko.

Alitokea kwenye gari dogo la bluu lililoegeshwa mwisho kabisa wa kiwanja, mwanamke mwembamba wa miaka karibu themanini, amevaa sweta la mwanaume. Alikuja kwa hatua fupi, akishika hiki na kile njiani. Akasema jina lake ni Noelene, mumewe amekufa, watoto hakujaliwa, na tangu korona ianze anazunguka peke yake kwa sababu akikaa nyumbani atasahau kuzungumza. Kisha, kabla mtu hajawahi kumzuia, akakaa kwenye kiti cheupe.

Mushagalusa aliinuka nusu. "Samahani, mama, kile kiti…"

"Nipumzike hapa kidogo tu," alisema Noelene kwa Kiingereza chake. "Kidogo tu, halafu nitawaondokea."

Mwiko ulimtoka Honorine mkononi ukaanguka kwenye vumbi.

"Mama Ange," mumewe akamnong'oneza. "Nimwambie atoke?"

"Muache."

"Lakini…"

"Nimesema umuache akae."

Akaosha mwiko, akamkatia bikizee yule bugali na kumwekea sombe, akampa sahani kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Noelene alikula kidogo akasema ni tamu, mchicha wa wapi huu? Ange akacheka, akaanza kumweleza majani ya muhogo na duka la Auburn yanakopatikana. Wasafiri wengine nao wakasogeza viti vyao, mzee mwenye ndevu akiwamo, na kwa muda wa nusu saa ilikuwa jioni nzuri kweli. Honorine hakula. Alikuwa anautazama mgongo ule ndani ya kiti kile, na alikuwa anaogopa, na chini ya hofu kulikuwa na furaha ambayo aliionea haya.

Ndipo Noelene akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Alikohoa mpaka akainama. Mzee mwenye ndevu akavuta kiti chake nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mwanamke mmoja akasema kumeanza kuwa baridi. Wakakunja viti mmoja mmoja, kwa adabu, bila kumtazama mgonjwa, na kabla jua halijazama, nje wakabaki wao wanne.

*

Jumamosi mchana redio ya mzee mwenye ndevu ilitangaza kwamba Sydney nzima inafungwa saa kumi na mbili jioni ile, na aliyetoka huko arudi kwake akajifungie. Mzee alikuja kuwaletea habari, akasimama mbali, akapaza sauti. Safari hii hakuuliza karavani ni ya nani. Katika muda wa saa moja kamba ya nguo ilikuwa imefunguliwa na kiwanja kimebaki kitupu. Walisalia wao na lile gari la bluu, mapazia yake yamefungwa tangu asubuhi.

Mushagalusa aliunganisha karavani na gari. Alifanya haraka, akajikata kidole, hakusimama. Jumatatu alikuwa na zamu, Ange pia. Na polisi wakimkuta barabarani baada ya saa kumi na mbili angeeleza nini, kwa Kiingereza kipi?

Ange alivaa barakoa akaenda kugonga gari la bluu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa ule wa kazini.

"She's really sick. Her lips are blue. She can't lie flat. Anahitaji ambulance, sasa hivi, and there's no signal."

"Ana simu yake?" Mushagalusa akauliza.

"Same as ours. Nothing. Mtandao uko kule kilimani tulikopita jana, forty k's."

"Basi tumubebe."

"Dad, we can't. Anapumua kwa shida akikaa tu. Nikimtikisa kilomita arobaini and she crashes, sina kitu. No oxygen, nothing."

Mushagalusa alifuta damu ya kidole kwenye suruali. Aliitazama barabara. Akasema, kwa wema kabisa, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuokoa watu wake:

"Tuende. Mbele tukipata rezo ya simu tutaita batu, bakuye bamuchukue."

Maneno yakishatoka hayarudi. Aliyasikia mwenyewe baada ya kuyasema, akafumba mdomo kwa kiganja.

Honorine hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya karavani, akafungua mlango, akatoa kile kiti.

"Muende," akasema. "Mi nabaki."

"Mum, no! Huyo bibi may have it. Mimi ndiye nurse, I'll stay."

"Wewe utazungumuza na watu wa ambulance. Baba yako akipiga simu watamwambia rudia, rudia, mpaka mutu akufe. Na mtoto wangu simuachi barabarani. Nenda."

"Mama Ange," Mushagalusa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisikilize. Sikuwa nataka kusema vile."

"Minajua."

"Ile siku pia sikuwa…"

"Minajua, Baba Ange. Ungefanya nini? Lakini muende sasa."

Mushagalusa akapiga magoti kwenye udongo mwekundu na kuanza kuifungua karavani kutoka kwenye gari, kazi aliyokuwa ameimaliza sasa hivi tu, huku kidole kikivuja tena. Alipomaliza akaipiga kofi ubavuni. "Minaiacha hapa. Kitu ya Méthode. Unajua siwezi kurudi kanisani bila hii. Donc unajua narudi."

Ilikaribia kuwa utani. Ange aliwatazama wazazi wake, mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba kuna jambo ndani ya nyumba yao alilokuwa akilipitia kila siku bila kuliona.

*

Honorine alimkuta Noelene amekaa kitandani, amejishikilia kwenye ukingo. Akamwekea mito yote mgongoni, akafungua mlango hewa iingie, akamlowesha midomo. Akavaa barakoa mbili, maana alikuwa jasiri, si mjinga. Noelene akamwambia asihangaike, yeye yuko sawa, aende tu na watu wake.

"Hapana," alisema Honorine. Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini neno hilo alikuwa nalo.

Akaketi mlangoni pa gari la bluu, juu ya kiti cheupe. Alikuwa hajawahi kukikalia. Kilikuwa kiti tu, kinabana mapajani.

Kutoka pale aliona gari lao likienda. Aliliona muda mrefu sana, likawa dogo, likawa nukta, likawa kitu ambacho macho yanakidhania tu. Ange hakuonekana kugeuka. Alikuwa anaendesha, angegeukaje?

Saa ya kwanza ilikuwa rahisi. Alimhesabia Noelene pumzi, akamwimbia wimbo wa kanisani kwa Kishi. Saa ya pili alianza kusikia magari. Kila alipolisikia moja aliinuka, na kila mara lilikuwa upepo kwenye bati la choo, au lori lililopita bila kupunguza mwendo, dereva akimpungia mkono mwanamke mweusi aliyeketi peke yake kando ya njia. Aliwajua mumewe na binti yake kama anavyoijua mikono yake. Alijua watarudi. Na bado kitu kikamwambia: na wakipata ajali? Na wakizuiwa na polisi? Na wakisema, kidogo tu, tufike mbele kidogo?

Akaanza kuzungumza. Alizungumza Kiswahili, na Noelene, ambaye hakuelewa neno, aliweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa Honorine. Alimwambia habari za mguu, na za kilima, na za kiti cha mwalimu. Alimwambia jinsi mtoto alivyokuwa akilia mgongoni na jinsi alivyoshukuru kwamba analia, kwa sababu kilio kile kilimzuia asisikie kama anaitwa nyuma.

"Labda aliniita," alisema. "Sijui kama aliniita."

Noelene alifungua macho akasema kitu kwa sauti isiyosikika. Baadaye akalala hivyo hivyo ameketi, na Honorine akaendelea kuhesabu.

Lilitokea tena kama kitu ambacho macho yanakidhania tu. Honorine hakuinuka. Lilikuwa gari lao, na nyuma yake, mbali, taa za ambulensi. Mushagalusa aliruka chini kabla halijasimama, akaja mbio, mzee wa miaka hamsini na saba mwenye tumbo, akamkuta mkewe kitini.

"Tumerudi," alisema. "Honorine. Uone, tumerudi."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu Ange azaliwe. Wakalia wote wawili pale pale, mbele za watu.

Wahudumu walimtia Noelene barakoa ya hewa. Mmoja akauliza huyu bibi ana ndugu, na wao ni nani kwake. Ange akasema ni wapita njia tu. Akaambiwa familia nzima wakapime na kujifungia. Noelene aliinua vidole viwili kutoka kwenye blanketi. Hakuna aliyejua ni kwaheri au anaomba kitu. Honorine alimpungia mpaka mlango ulipofungwa, na hata baada ya hapo.

*

Waliunganisha tena karavani wakaondoka, na kule kilimani simu zilianza kulia zote kwa pamoja. Saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia, safari ya kurudi ilikuwa ndefu, lakini Honorine akasema, "Simamisha gari."

Bukavu ilikuwa asubuhi. Lazare alipokea akiwa anakohoa. Honorine alisimama kando ya barabara, na Ange akaja akamshikia simu, akaiweka sikioni pa mama yake.

"Lazare. Mama hakupotea. Nilimuacha."

Akasema yote. Aliposema mtoto alikuwa mgongoni, mkono wa Ange ulishtuka, lakini haukuitoa simu. "Mama," alisema Ange, kwa Kiswahili.

Honorine akaanza kuomba Mungu laini isiwe imekatika.

"Miaka yote hii," Lazare akasema mwishowe. "Kila nikisikia mulango."

"Minajua."

"Haujui, yaya."

"Nilikuwa sijui. Leo minajua."

Lazare akakohoa. Alipomaliza hakumlaani, wala hakusema amemsamehe. Aliuliza kitu kimoja, polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Ulipokuwa unaenda, alikuwa anaangalia wapi?"

Honorine alitazama nyuma. Kiwanja hakikuonekana tena. Ilionekana barabara tu, nyekundu ukingoni, imenyooka mpaka inaisha.

"Sikugeuka, Lazare," alisema. "Lakini alikuwa anaangalia barabara. Mpaka mwisho, alikuwa anaangalia barabara."